Kupika ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: Majiko yetu tuyapange vipi?

 

Ndugu msomaji, leo nakuomba uingie nami jikoni, lakini uingie ukiwa umekaa. Chukulia kwamba huwezi kusimama, huwezi kuchuchumaa wala kupiga magoti, na unakwenda kwa kiti cha magurudumu. Sasa litazame jiko la nyumbani kwako. Jiko la mkaa liko sakafuni. Ndoo ya maji iko chini, na mbuzi ya kukunia nazi iko chini. Chumvi na bizari ziko kwenye rafu ya juu kabisa, karibu na dari. Na kati ya nyumba na hilo jiko lenyewe lililoko uani, kuna kizingiti na vidato viwili. Hapo hata kama mkono wako ni mzima na akili yako ni nzima, huwezi kuchemsha chai.

Watu walio katika hali hii tunao majumbani mwetu. Yupo aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mkarafuu akaumia uti wa mgongo. Yupo aliyepata ajali ya bodaboda, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, aliyepooza kwa kiharusi, na mtu mzima aliyepata polio utotoni. Wengi wao ni akina mama waliokuwa wakipika kwa miaka mingi kabla ya kupata ulemavu. Wapo pia vijana wa kiume wanaoishi peke yao na hawana wa kuwapikia.

Nyumba nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama zinamtoa mtu huyo jikoni kwa huruma, ama zinamwacha ahangaike na jiko lilivyo. Yote mawili yana madhara, na yote mawili yanaweza kuepukwa kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Huruma inayomtoa mtu jikoni

Mama mmoja aliletwa kwetu akiwa na malengelenge makubwa kwenye mapaja yote mawili. Alikuwa amepooza kuanzia kiunoni. Mchana ule alipika uji, akaikunja kanga, akaiweka mapajani, akaiweka sufuria juu yake, kisha akasukuma kiti kutoka jikoni hadi sebuleni. Hakusikia kitu. Baada ya Isha, binti yake alipokuwa akimsaidia kubadili nguo, ndipo akaona ngozi imevimba na kuchunika. Kidonda kile kilichukua wiki nyingi kupona. Mumewe, kwa mapenzi kabisa, akatoa amri kwamba mkewe asikanyage tena jikoni.

Nilipokuwa nambadilishia bandeji, mama yule akaniambia: "Daktari, moto sikuusikia. Nilichokisikia ni kuambiwa nisiingie tena jikoni."

Msomaji, hili si jambo dogo. Katika nyumba zetu, anayepika ndiye anayejua nani kala na nani hajala, mgeni apewe nini, na jirani apelekewe sahani gani wakati wa futari. Ukimwondoa hapo umemwondolea nafasi yake katika nyumba, na mara nyingi haitachukua muda utamkuta anajipikia kwa siri pale mnapotoka, bila mtu wa kumsaidia likitokea la kutokea. Nimeyaona majeraha ya namna hiyo zaidi ya mara moja.

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur, aya ya 61, amewataja kipofu, kiguru na mgonjwa pamoja na suala la kula katika nyumba za jamaa, akawaondolea uzito. Wafasiri wametaja zaidi ya sababu moja ya kushuka kwake, lakini ninachotaka tukione hapa ni kwamba watu hawa wametajwa wakiwa ndani ya nyumba na kwenye chakula, pamoja na wengine. Kwa upande mwingine, imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Kwa hiyo mume anayebeba ndoo au anayetengeneza meza ya kupikia asione haya. Lakini kumhudumia mtu ni jambo moja, na kumpokonya kazi anayoiweza ni jambo jingine.

Ulaya wanashusha, sisi tunainua

Ukisoma vitabu vya wenzetu wa Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili, karibu kila ukurasa unazungumzia kushusha: kushusha kaunta, kushusha sinki, kushusha makabati. Hiyo ni kwa sababu wao hupika wamesimama. Sisi wengi wetu hupika tumekaa kwenye kigoda au tumeinama juu ya jiko lililo sakafuni. Kwa hiyo ushauri wao tukiuchukua ulivyo hautufai. Kwetu kazi kubwa ni kuinua.

Mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu akitaka kukoroga sufuria iliyo sakafuni, hana budi ainame mbele mpaka kifua kikaribie magoti. Akiwa ameumia uti wa mgongo, misuli ya kiuno na tumbo haimshikilii. Anaweza kupinduka akaangukia moto. Aidha uso wake unakuwa juu ya mvuke na moshi kwa muda wote wa kupika.

Kabla ya kununua au kujenga chochote, chukua futi ya fundi cherehani. Mkalishe mhusika kwenye kiti chake anachokitumia kila siku, akiwa na mto wake, kwa sababu viti havilingani. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya magoti yake, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko akiwa amekunja mkono. Vipimo hivi viwili ndivyo vinavyotawala jiko zima. Meza ya kukatia iwe na uwazi chini unaopita magoti kwa vidole vitatu hivi, na juu yake isizidi sana kiwiko. Kwa watu wazima wengi, uwazi wa sentimita 70 na meza yenye urefu wa sentimita 75 hivi kwenda juu hufaa. Chini ya meza pasiwe na droo wala mbao ya kuunganisha miguu kwa mbele, maana hiyo ndiyo inayogonga magoti, na asiyesikia magoti yake anaweza kuyachubua kila siku bila kujua.

Kuhusu nafasi ya kupita, vipimo vinavyotumika Marekani kwa majengo vinataka mlango wenye uwazi wa sentimita 81, na eneo la kugeuzia kiti lenye upana wa sentimita 152 hivi. Najua majiko yetu mengi hayana eneo hilo. Basi kiti kiingie moja kwa moja na kitoke kinyumenyume, ili mradi mlango unaruhusu. Kizingiti kiondolewe au kiwekewe mteremko. Kanuni ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili: kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Ukijenga mfupi zaidi kwa kubana saruji, umejenga mtego wa kumbwaga mtu chali. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike, lakini uani kwako hakuna mkaguzi atakayekuja. Mkaguzi ni wewe.

Kata kwa mbele, pika kwa ubavu

Meza ya kukatia vitunguu na kukandia unga ni ya kuingiza magoti chini yake. Jiko la moto si hivyo. Moto usiwe juu ya magoti ya mtu kwa hali yoyote. Sufuria ikipinduka, au mafuta yakifurika, yanateremka moja kwa moja mapajani, na mtu hawezi kuruka nyuma. Jiko liwe pembeni, upande wa mkono wenye nguvu, na mpishi akae ubavu kwa jiko, akikoroga kwa pembeni.

Urefu wake nao una hesabu. Watu huchukua jiko la gesi la pleti mbili wakaliweka juu ya meza ya kawaida. Meza ina sentimita 75, jiko lina 10, sufuria ina 18 hivi. Mdomo wa sufuria umefika sentimita 103, sawa na mabega ya mtu aliyekaa. Haoni ndani, anainua mkono juu ya mvuke, na sufuria akiivuta inakuja usoni. Kinachotakiwa ni kibanda cha chini cha jiko, chenye sentimita 50 hivi. Hapo mdomo wa sufuria utakuwa kwenye usawa wa kiwiko. Kibanda hicho kinajengwa kwa matofali ya saruji machache na kipande cha zege au vigae juu yake.

Pembeni ya jiko, kwenye usawa uleule wa pale sufuria inapokaa, pawe na sehemu ya kutulia sufuria, nayo iwe ya matofali au vigae, si ya plastiki. Sufuria isiinuliwe. Isogezwe kutoka motoni hadi pale kwa kuburuzwa, na chakula kipakuliwe hapohapo kwa upawa. Sufuria yenye lita 5 za maji ina kilo 5 kabla hujahesabu sufuria yenyewe, na hakuna mkono wa mtu aliyekaa unaoinua uzito huo mbele yake kwa usalama. Wali upikwe kwa maji ya kupima ili usihitaji kuchujwa.

Kuna kitu kidogo ambacho watu hucheka nikikitaja: kioo. Kioo cha kawaida kikitundikwa ukutani nyuma ya jiko, kikalazwa kidogo kwa mbele, kinamwonyesha mtu aliyekaa kilichomo ndani ya sufuria bila kuinuka wala kuinama. Ataona uji unavyopanda kabla haujafurika. Kifutwe mvuke mara kwa mara.

Yule mama niliyemtaja, mumewe alikuwa fundi uashi. Nilipomchorea kibanda hiki kwenye karatasi alikitazama kwa muda, akaniuliza mbona hakuna aliyewaambia walipotoka hospitali. Sikuwa na jibu la maana la kumpa. Alikimaliza kwa siku mbili.

Mkaa na gesi

Kama mnatumia mkaa, jiko liinuliwe vivyo hivyo, na kile kijidirisha cha majivu kielekezwe ukutani, mbali na miguu. Makaa yakiruka yanaangukia kwenye mguu usiosikia. Vyuma vya kuwekea miguu vya kile kiti navyo hupata moto vikikaa karibu na jiko, na nimeona nyayo zilizobabuka kwa sababu hiyo tu. Chumba kiwe na hewa ya kutosha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na anayelegea kwa hewa hiyo hawezi kujisukuma nje.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na nyumba nyingi zinahama kutoka mkaa kwenda gesi. Basi mnapohama, hameni kwa vipimo. Usimnunulie mtu wa kiti cha magurudumu ule mtungi mdogo wenye jiko lililofungwa juu yake. Unapendeza kwa bei, lakini ni mwembamba na unayumba. Akisonga ugali juu yake utapinduka, na sehemu ya kufungia gesi iko chini ya moto wenyewe. Bora jiko la mezani, na mtungi uwe kando, umesimama wima, mahali ambapo mkono wake unaifikia valvu akiwa amekaa. Swichi za jiko ziwe mbele, si kwa nyuma wala ubavuni, ili mkono usivuke juu ya moto.

Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujaa sakafuni. Kwa hiyo aliyekaa chini yuko karibu nayo zaidi kuliko aliyesimama, na sigara au kibiriti vilivyo chini ni hatari kuliko vilivyo juu. Mpira na viungio vikaguliwe kwa povu la sabuni. Pakitoa mapovu panavuja. Usitumie kibiriti kukagua. Harufu ikisikika, funga valvu, fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa, toka nje. Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi hulisahau: jiko lisiwekwe kati ya mpishi na mlango. Moto ukilipuka, asiyeweza kuruka hana pa kupitia.

Vyombo vya umeme na vinginevyo

Jiko la presha la umeme ni rafiki mkubwa wa mtu aliyekaa. Maharage hayahitaji kukaliwa saa tatu, na hakuna moto wa wazi wa kushika kanga. Lakini lisiwekwe mezani juu, kwa sababu tundu la mvuke litakuwa usoni. Liwekwe kwenye kibanda kile cha chini, tundu likielekea ukutani, na mvuke uachiliwe kwa mwiko mrefu. Jiko la umeme la sumaku nalo ni zuri. Linapasha sufuria, na sehemu iliyobaki haishiki moto kama pleti za kawaida, ingawa pale ilipokaa sufuria hubaki na joto. Linahitaji sufuria inayovutwa na sumaku. Sufuria zetu za alumini hazifai.

Birika la umeme lijazwe kiasi cha vikombe viwili tu. Waya wake usining'inie mbele ya meza, kwa sababu ukinaswa na mkono wa kiti utalivuta birika zima mapajani. Chai ya watu wengi iwekwe kwenye zile chupa kubwa za kubonyeza juu, tunazoziona kwenye shughuli. Unasogeza kikombe, unabonyeza, hakuna cha kuinamisha.

Soketi zikiwa chini kabisa au nyuma ya friji hazifikiki. Fundi aifunge ekstensheni kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, mbali na ndoo ya maji. Lakini tuwe na hesabu: ekstensheni ya kawaida ya ampea 13 inabeba wati 3,000 hivi. Birika la wati 2,000 na jiko la wati 1,500 visiwashwe pamoja juu yake.

Friji lenye milango ya kusimama linafaa, na vitu vya kila siku viwekwe kati ya magoti na mabega. Friza la kulala, lile refu la kufunguliwa kwa juu, halifai. Samaki wa chini hafikiwi ila kwa kuzama na kichwa. Kama ndilo mlilo nalo, vitu vitiwe kwenye vikapu vyenye kamba za kuvuta. Maikrowevu isiwekwe juu ya friji. Iwe usawa wa meza, na mbele ya mlango wake pabaki nafasi ya kutua bakuli kabla halijabebwa.

Mbuzi ya nazi ni ya kukaliwa, na hiyo haiwezekani hapa. Zipo mashine za kuzungusha kwa mkono zinazobanwa ukingoni mwa meza. Mwenye nguvu za mikono atazifurahia. Asiyezipata, nazi ibanduliwe vipande, isagwe kwenye blenda na maji ya vuguvugu, ichujwe. Tui lake ni zuri tu, ingawa bibi zetu watabisha.

Ugali ndio mtihani. Unaposonga, sufuria inazunguka na kiti kinasogea. Fundi wa kuchomelea atengeneze fremu ya chuma ya kuishika sufuria kwenye mikono yake, ifungwe kwenye kibanda. Kiti kifungwe breki na mgongo wake uegemee ukuta. Na usongwe ugali wa watu watatu kwa wakati mmoja, si wa watu wanane. Wanaobaki wasubiri.

Kwa aliyepooza upande mmoja, ubao wa kukatia upigiwe misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikiwa juu, imshikilie kitunguu wakati mkono mmoja unakata. Kitambaa kibichi chini ya bakuli kinalizuia lisiteleze. Ubao huo ukiisha kazi, ufunikwe.

Mikono na magurudumu

Hapa ndipo safu yetu ya usafi inapohusika hasa. Mtu anayetembea ananawa bombani uani, anaingia jikoni, anashika unga. Mwenye kiti ananawa bombani, kisha anashika magurudumu ili afike jikoni. Magurudumu hayohayo yametoka chooni na barabarani. Kwa hiyo hata awe msafi kiasi gani, mikono yake inafika kwenye unga ikiwa na uchafu. Kumwambia anawe vizuri zaidi hakumsaidii, kwani kosa liko mahali maji yalipo.

Maji yawe palepale anapokandia. Ndoo yenye koki iwekwe juu ya kigoda kwenye meza ya kukatia, koki ikiwa usawa wa mkono wake, beseni chini yake, na sabuni iliyofungwa kamba ili isianguke. Anafika, anafunga breki, ananawa, anapika. Akishika gurudumu tena, ananawa tena. Mlangoni mwa jikoni pawekwe mkeka au gunia lililoloweshwa maji ya sabuni, kiti kipite juu yake, na ile ringi ya kusukumia ifutwe kwa kitambaa. Ndoo ijazwe na mtu mwingine asubuhi. Kazi hii wapewe watoto wa kiume.

Suala la magurudumu yaliyokanyaga najisi na kuswalia juu ya kiti hicho ni la masheikh, na ni vyema mhusika akaulize. Mimi hapa nazungumzia vijidudu vya kuhara na kipindupindu.

Mwili wenyewe

Sufuria ya moto haiwekwi mapajani, hata kwa hatua mbili, hata juu ya kanga iliyokunjwa mara nne. Vitu vya baridi vibebwe kwenye sinia lenye kingo. Vya moto abebe mtu mwingine, au viende kwenye meza ndogo ya magurudumu inayosukumwa mbele. Ncha za kanga na mtandio zichomekwe, mikono ya nguo ikazwe. Kanga huingia kwenye spoku za gurudumu upande mmoja huku ncha nyingine iko karibu na moto.

Akitaka kuchukua kitu mbele yake, asogee mbele kidogo kwanza, kisha arudi nyuma, ili yale magurudumu madogo ya mbele yageuke na kuelekea mbele. Kiti kinakuwa imara zaidi namna hiyo. Wenye viti wengi hawakuwahi kufundishwa jambo hili, na linazuia kupinduka.

Ramadhani inapofika, mama hukaa saa tatu akikaanga sambusa bila kuondoka. Damu haipiti vizuri kwenye makalio, na kidonda huanza ndani kabla hakijaonekana nje. Kila nusu saa, au mapema zaidi, ajiinue kwa mikono au aegemee mbele kwenye meza ya kukatia kwa dakika moja au mbili. Mafuta ya kukaangia yasizidi theluthi ya karai, na mfuniko uwe karibu. Yakishika moto yafunikwe, gesi ifungwe, yasimwagiwe maji.

Akiungua, pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, nguo na pete zitolewe, pafunikwe kwa kitambaa safi. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, wala yai, unga au mafuta. Malengelenge yasipasuliwe. Kwa mtu asiyesikia maumivu, kipimo cha kawaida cha "inauma sana au kidogo" hakipo, hivyo apelekwe kituo cha afya hata kama yeye anasema si kitu. Na kama ameumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kifuani au shingoni, jeraha la moto linaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Akilalamika kichwa kinamgonga, anatoka jasho usoni na amekuwa mwekundu, aketi wima na apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tusiache moto ukiwaka tunapolala, na tufunike vyombo. Kwa nyumba zetu za leo maana yake ni pamoja na valvu ya mtungi kufungwa kila usiku. Katika nyumba yenye mpishi wa kiti cha magurudumu, valvu hiyo mara nyingi iko nyuma ya kabati, na yeye hulazimika kumwita mtu amfungie. Nenda leo ukaitazame. Kama hafikii, msogeze mtungi, na mfungie taa ndogo yenye swichi mlangoni, ili aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe kabla ya kulala.